Tumekosa marejesho matatu ya mkopo wa nyumba: je, tuandike barua ya kuomba huruma?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Tunaishi Texas, mimi, mume wangu na watoto watatu. Nyumba tuliinunua miaka mitano iliyopita kwa mkopo wa dola 240,000, miaka 30, riba asilimia 6.5 isiyobadilika. Mume wangu ni dereva wa lori. Januari aliumia mgongo akakaa bila kazi miezi mitatu na nusu. Sasa amerudi, ila kwa saa pungufu. Mimi nahudumia wazee katika kituo. Zamani tulikuwa tunaingiza dola 6,200 kwa mwezi kabla ya makato, sasa ni 4,900. Rejesho letu pamoja na kodi na bima ni 2,050. La Machi, la Aprili na la Mei hatukulipa, na sasa tunaumaliza Mei. Barua zinakuja, nyingine sijazifungua. Shemeji anasema tuandike barua ya kuwaomba watuhurumie. Kuna bwana amepiga simu, anasema tukimpa dola 2,500 atatupunguzia rejesho kwa nusu. Mume wangu yeye anafikiria kutoa akiba yake ya uzeeni alipe malimbikizo yote. Mkopo uko kwa jina lake peke yake, naye anaona haya kupiga simu. Tufanye nini?

JIBU: Dada yangu, poleni, na mpe pole mgonjwa. Kabla sijagusa habari ya barua mnayotaka kuandika, tuzungumze kwanza kuhusu zile ulizoandikiwa. Zifungue leo, zote, uzipange kwa tarehe. Kanuni za shirikisho zinamtaka msimamizi wa mkopo, yaani ile kampuni mnayoilipa kila mwezi, ajitahidi kuzungumza na mdaiwa kabla ya siku ya 36 ya kuchelewa, na ifikapo siku ya 45 awe amemwandikia kumweleza njia za msaada zilizopo. Kwa hiyo ndani ya bahasha hizo unazoziogopa, huenda mojawapo ndiyo inayosema fomu inapatikana wapi na ipelekwe kwa nani. Nimekaa na watu wengi mezani tukifungua bahasha za miezi mitatu kwa mpigo, na mara nyingi ile ya kutisha haimo.

Sasa hesabu ya siku, kwa sababu kila kitu kinasimama hapo. Rejesho la kwanza mlilokosa ni la Machi 1. Kanuni zilizoanza kutumika Januari 2014, ambazo zinasimamiwa na CFPB, ofisi ya shirikisho inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, zinamkataza msimamizi kuanza rasmi hatua za kuinadi nyumba mnayoishi mpaka mpitishe siku 120 za kuchelewa. Hesabu kwa vidole: siku ya 120 inaangukia Juni 29. Mna takriban mwezi mmoja.

Na mwezi huo una thamani kuliko mnavyodhani. Mkiwasilisha maombi ya msaada wa mkopo yaliyokamilika kabla siku hizo hazijaisha na kabla hatua za mnada hazijaanza, msimamizi hawezi kuzianza hadi amalize kuyapima, awajibu, na muda wa rufaa upite. Mkichelewa, bado kuna kinga, lakini inapungua. Maombi kamili yakifika zaidi ya siku 37 kabla ya mnada, hawaruhusiwi kuendelea kuuza huku wakisema wanawafikiria. Yakifika ndani ya siku hizo 37, kinga hiyo hamna. Wasimamizi wadogo, wenye mikopo isiyozidi 5,000 waliyoitoa au kuimiliki wenyewe, wamesamehewa sehemu kubwa ya masharti haya, ila siku 120 zinawabana na wao.

Ninyi mko Texas, na Texas haina mchezo. Kule nyumba nyingi hunadiwa bila kesi mahakamani. Mdaiwa hupewa notisi ya angalau siku 20 arekebishe kosa, kisha notisi ya mnada ya angalau siku 21, na mnada wenyewe hufanyika Jumanne ya kwanza ya mwezi. Anayeishi kwenye jimbo ambalo lazima kesi ifunguliwe huweza kuvutavuta miezi mingi. Ninyi hamna nafasi hiyo.

Neno ninalotaka mlikariri ni "kamili". Shemeji yenu ana nia njema, lakini huruma siyo inayopima maombi. Anayelipokea faili lenu ni mchambuzi mwenye mafaili mengine mengi, anatazama kama karatasi zimetimia, kisha anaingiza tarakimu kwenye programu. Nililijua hilo kwa uchungu. Miaka ya mwanzo nilimsaidia mzee mmoja kupeleka maombi, yakarudi yakiwa na alama ya pungufu. Tukatuma tena, yakarudi tena. Ilichukua wiki tatu kugundua tatizo: taarifa ya benki iliandikwa "ukurasa 1 kati ya 5", nasi tulituma kurasa nne, kwa kuwa wa tano ulikuwa mtupu, umeandikwa tu kwamba umeachwa wazi kwa makusudi. Tangu siku hiyo ukurasa mtupu kwangu ni ukurasa kama mwingine.

Basi tayarisheni faili. Fomu ya maombi kwanza. Kama mkopo wenu unamilikiwa na Fannie Mae au Freddie Mac, taasisi mbili kubwa zinazonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, fomu inayotumika ni ile namba 710. (Mnayemlipa mara nyingi siye mwenye mkopo, na mwenye mkopo ndiye mwenye masharti. Taasisi hizo mbili kila moja ina ukurasa kwenye tovuti yake wa kukagua kama nyumba yenu iko kwao. Muulizeni na msimamizi pia, kwa maandishi, maana mikopo yenye dhamana ya serikali, ya FHA na ile ya VA ya wanajeshi wa zamani, ina taratibu zake.) Halafu hati za mshahara za karibuni zenu wote wawili, taarifa za benki za miezi miwili au zaidi kadiri watakavyodai, ritani ya kodi ya mapato, fomu 4506-C inayowaruhusu kuichukua kumbukumbu yenu ya kodi huko IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, na barua ya kueleza shida. Kila kilicho na nafasi ya sahihi kitiwe sahihi na tarehe. Andikeni nambari ya mkopo juu ya kila ukurasa, kwa sababu faksi na skana hutenganisha karatasi na wenyewe.

Hapo kwenye taarifa za benki nina neno la pembeni linalowahusu sana watu wetu. Mchambuzi akiona dola 3,000 zimeingia kwa siku moja, yeye hajui upatu. Hajui kwamba ilikuwa zamu yako, na kwamba miezi kumi umekuwa ukichanga 300. Anaona mapato. Vivyo hivyo anaona fedha unazomtumia mama kila mwezi, anajiuliza ni deni gani hilo. Chukua kalamu, pitia taarifa mstari kwa mstari, na kila kiasi kisicho cha kawaida kiandikie maelezo ya sentensi moja kwenye karatasi ya pembeni: "Machi 9, dola 3,000, zamu yangu katika mchango wa kuzungushana wa watu kumi, si mapato." Usifiche. Kudanganya kwenye maombi ya mkopo wa nyumba ni kosa la jinai Marekani.

Wakishapokea maombi, wana siku tano za kazi kuwaandikia kwamba yamefika, na kusema kama yametimia au nini kinapungua. Siku hizo zikipita kimya, piga simu. Yakishatimia, wana siku 30 kuyapima kwa njia zote zilizopo na kutoa jibu la maandishi.

Sasa barua. Zile za huruma huwa hivi: "Tunawaomba kwa unyenyekevu, sisi ni watu wema, hatujawahi kuchelewa, watoto wetu wanalia, Mungu atawabariki." Yote kweli, lakini mchambuzi akimaliza kuisoma hajui mume aliumia lini, amepona au hajapona, na mnaweza kulipa ngapi. Barua ya shida hujibu maswali matatu: kilichotokea na lini, kimeisha au kinaendelea, na sasa mnamudu kiasi gani. Ya kwenu, mkiiandika kwa Kiingereza, iwe na mambo haya:

"Naomba masharti ya mkopo wangu yarekebishwe kwa kudumu ili familia yangu ibaki katika nyumba hii tunayoishi. Januari 14 niliumia mgongo, na daktari alinizuia kufanya kazi hadi Aprili 28. Kwa sababu hiyo tulikosa marejesho ya Machi, Aprili na Mei. Nimerudi kwa mwajiri wangu Aprili 29 kwa saa 28 kwa wiki. Mapato yetu yalikuwa dola 6,200 kwa mwezi kabla ya makato. Sasa ni 4,900 na ni ya uhakika. Rejesho la 2,050 hatulimudu. Tunamudu takriban 1,900 pamoja na kodi na bima, kuanzia Julai. Nimeambatisha barua ya daktari, barua ya mwajiri na bajeti yetu."

Tarehe hizo nimezikisia kutokana na maelezo yako, wekeni za kweli. Nusu ukurasa unatosha. Na bajeti mnayoambatisha ifanane na barua. Ikionyesha kwamba kila mwezi mnabakiwa na fedha, wataona shida hamna. Ikionyesha mnazama hata rejesho likishushwa, watasema hata wakiwasaidia hamtaweza. Bajeti ya kweli ya mtu anayestahili kusaidiwa huonyesha upungufu kwa rejesho la sasa, na nafuu kidogo kwa lile jipya. Kama ya kwenu haionyeshi hivyo, ni afadhali kulijua hilo jikoni kwenu kabla ya kulisikia kutoka kwao.

1,900 nimeipataje? Tukae kidogo na hesabu, maana hapa ndipo watu husaini wasichokielewa. Katika 2,050 zenu, 1,517 ni deni la msingi na riba. 533 zilizobaki ni kodi ya nyumba na bima. Baada ya miaka mitano mnadaiwa kama 224,700. Marekebisho ya kawaida huchukua malimbikizo yenu, riba iliyolala pamoja na kodi na bima walizowalipia, wakayaongeza juu ya deni. Tuseme jumla inafika 232,000. Kisha hulitandaza deni hilo upya; mikopo ya Fannie Mae na Freddie Mac inaweza kutandazwa kwa miaka 40 kuanzia siku ya marekebisho. Riba ikibaki asilimia 6.5, rejesho la msingi na riba linakuwa kama 1,358. Jumlisha 533, unapata 1,891.

Umepungukiwa mzigo kwa dola 159 kila mwezi. Lakini tazama upande wa pili: mlikuwa mmebakiza miezi 300 ya dola 1,517, sawa na 455,000 na ushei. Sasa ni miezi 480 ya 1,358, ambayo inakaribia 652,000. Nafuu ya leo mtailipia karibu dola 197,000 kama mtakaa na mkopo huo mpaka mwisho wake. Siwaambii mkatae. Kwa familia iliyo siku 30 kutoka kwenye mlango wa mnada, mimi ningesaini. Ila mume akirudishiwa saa zake, ongezeni chochote juu ya rejesho na muandike kwamba ni kwa ajili ya deni la msingi, baada ya kuhakikisha mkataba hauna adhabu ya kulipa mapema.

Riba ikishuka hadi asilimia 6, rejesho lingekuwa kama 1,277. Wakati mwingine wanaishusha, wakati mwingine hapana, inategemea soko na masharti ya mwenye mkopo. Kufuta sehemu ya deni la msingi ni nadra, msijenge matumaini hapo. Wapo pia wanaoyachukua malimbikizo wakayaweka pembeni bila riba, yalipwe nyumba itakapouzwa au mkopo utakapoisha. Kwenye mikopo ya FHA jambo hilo ni la kawaida. Kuahirishiwa kulipa miezi michache kungewafaa Februari. Leo mapato yameshuka na huenda yakabaki hapo, kwa hiyo mkipewa hilo peke yake mtakutana na mlima uleule mbele, umeongezeka.

Zile 533 za kodi na bima hazirekebishwi na mtu. Nendeni kwenye ofisi ya tathmini ya kaunti yenu, au kwenye tovuti yake, mkague kama mliomba punguzo la kodi kwa nyumba ya kuishi. Texas inalitoa kwa mwenye nyumba anayeishi ndani yake, kuomba ni bure, na nimeshakutana na waliokaa miaka bila kuliomba wakidhani linakuja lenyewe. Na bima, tafuteni bei kwa wengine.

Huyo bwana wa dola 2,500, achaneni naye. Sheria ya shirikisho inakataza kampuni ya namna hiyo kuchukua hata senti kabla haijawaletea ofa ya maandishi kutoka kwa mkopeshaji nanyi mkaikubali. Anayedai malipo kwanza ameshaivunja sheria kabla hajaanza kazi. Akiwaambia pia msizungumze na msimamizi wenu, au rejesho mmlipe yeye, au mumkabidhi hati ya nyumba, mripotini kwa FTC, tume ya shirikisho ya biashara. Kazi anayojidai kuifanya hufanywa bure au kwa ada ndogo na washauri wa nyumba walioidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba ya Marekani. Orodha yao iko kwenye tovuti ya wizara. Wiki hii hii tafuteni miadi. Ulizeni kama wanaye mkalimani.

Akiba ya uzeeni, mwambie mzee aiache kwanza. Kama ni 401(k), yaani akiba inayowekwa kupitia mwajiri, na hajafika miaka 59 na nusu, akiitoa kwa kawaida atatozwa kodi ya mapato na juu yake adhabu ya asilimia 10, tena wadai wengi hawawezi kuigusa ikiwa imekaa humo. Halafu hata akiyafuta malimbikizo yote, Julai rejesho ni lile lile 2,050 na mapato ni yale yale 4,900. Mtakuwa mmezima moto wa Machi hadi Mei, mkabaki na ule wa kila mwezi. Ningefikiri tofauti kama saa zake zote zinarudi mwezi ujao kwa maandishi ya mwajiri.

Wakikubali, hawabadilishi mkopo siku hiyo. Kwa kawaida huwapa kipindi cha majaribio cha miezi mitatu: kiasi walichoandika, kwa tarehe waliyoandika. Msizungushe tarakimu na msicheleweshe hata siku moja, kwa sababu jaribio likiharibika ofa huondoka. Wakikataa, lazima waeleze sababu mahususi. Kama maombi yenu kamili yalifika siku 90 au zaidi kabla ya mnada wowote uliopangwa, au hakuna uliopangwa, mna siku 14 za kukata rufaa, na watakaoisikiliza ni watu wengine, siyo waliokataa. Wakati huo angalieni tarakimu walizotumia. Nimeona saa za ziada za Krismasi zikihesabiwa kama mshahara wa mwaka mzima.

Kuhusu kupiga simu: kwa vile mkopo uko kwa jina la mumeo, wewe hawatazungumza nawe, hata ukijua nambari zote. Aandike barua fupi ya idhini, jina lake, nambari ya mkopo, jina lako, anakuruhusu kuzungumza na kupokea taarifa kwa niaba yake, sahihi na tarehe. Itangulie leo kwa faksi au kwenye tovuti yao. Kama hataki kungoja waisajili, akae karibu nawe, uweke simu kwenye spika, athibitishe jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha aseme, "Nampa mke wangu ruhusa aongee." Wengi hukubali kwa simu hiyo moja. Uwe na daftari: tarehe, saa, jina la mhudumu na nambari yake, alichosema. Swali lako la kwanza liwe nyumba imepelekwa kwenye kitengo cha mnada au bado, na la pili, maombi yatumwe kwa faksi gani.